Abiria wa Ndege: Jua Unachoweza Kudai Kabla Siku Saba Hazijaisha

Haya ni maneno niliyozungumza na vijana na wazazi kwenye kikao chetu hapa Migori, kisha nikayarudia kwa ndugu zetu wa Kendu Bay, upande wa Homa Bay. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Wewe ambaye hukufika, keti usome, na ukimaliza mtumie mtu mmoja aliye na safari.

Kabla sijaanza vizuri, mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, mambo ya ndege yanatuhusu nini sisi watu wa basi?"

Swali zuri. Ni kweli, ndege nyingi sisi tunazisikia tu zikipita juu. Pale Lichota, Migori, watalii wanatoka Masai Mara, wanatua, wanapelekwa kwa gari hadi Isebania, wanavuka mpaka, wanapandia ndege nyingine Tarime kwenda Serengeti. Homa Bay kuna uwanja wa Kabunde. Lakini mtu wetu wa kawaida akitaka kuruka anakwenda Kisumu, au anapanda basi la usiku kupitia Kisii na Narok mpaka Nairobi.

Sasa nikuulize wewe. Hesabu nyumba kumi zilizo karibu nawe. Ni ngapi hazina msichana au kijana aliyewahi kwenda Saudia, Qatar, Dubai au Oman kutafuta kazi? Ni ngapi hazina mzazi anayeweka akiba ya Umra? Hao wote ni abiria wa ndege. Na wengi wao ndege ya kwanza maishani mwao ni hiyo ya kwenda Ghuba, tiketi wamekatiwa na wakala, hawajui hata imeandikwa nini. Mtu kama huyo akidhulumiwa njiani, ananyamaza. Anasema Mungu ataona. Mungu anaona, ndiyo, lakini fomu ni wewe wa kujaza.

Nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu, na nitakisema kwa aibu, kwa sababu kosa moja ndani yake ni langu.

Dada yangu mkubwa alifanya kazi Ghuba miaka miwili. Kampuni ya ndege iliyomleta sitaitaja, kwa sababu sitaki tukae hapa tukibishana juu ya kampuni moja. Alikuwa amekaa viti vya nyuma kabisa. Chakula kilianza kugawiwa mbele, kilipomfikia kikawa kimeisha. Akauliza, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Mhudumu akamjibu kwa ukali, akampa mkate mdogo na maji. Akaomba blanketi, hakupewa. Wenzake wa kiti cha jirani walicheka. Huyu ni mtu aliyetoka kutumwa na kukaripiwa miaka miwili kwenye nyumba ya watu, na safari ya kurudi kwao pia ikawa ni ya kukaripiwa.

Akatua Nairobi usiku. Mzigo haukuja. Ndani ya huo mzigo kulikuwa na cherehani ya umeme, mpya, aliyoinunua kwa mshahara wa miezi miwili. Mpango wake ulikuwa afungue duka la kushona Awendo. Kwenye kaunta akaambiwa subiri, utaletwa. Akasubiri siku nne Eastleigh kwa binamu yetu. Akala kwa pesa yake, akanunua nguo ya kubadilisha, akalipa matatu ya kwenda na kurudi uwanjani mara tatu. Siku ya nne mzigo ukaja, umechanika ubavuni. Akapewa karatasi atie sahihi, akatia. Akapanda basi la usiku, akafika Migori asubuhi. Tulipofungua, cherehani ilikuwa imepasuka mwili, na mota haizunguki.

Sasa sikiliza mimi nilifanya nini, mimi niliyesoma, mwenye diploma, ninayejiita mtetezi wa watu. Nilikasirika kwa sababu ya chakula. Niliandika posti ndefu kwenye Facebook juu ya mkate na maji. Watu mia kadhaa wakaweka hasira na machozi. Nikaandikia kampuni barua pepe kali: mmemdhalilisha dada yangu, tunataka fidia ya chakula na udhalilishaji. Tukabishana nao wiki mbili na zaidi. Cherehani iko kwenye kona, imefunikwa na leso.

Siku ya 19 tangu dada achukue mzigo ndiyo nikaandika juu ya cherehani. Jibu lilikuja haraka kuliko majibu yote ya awali: mzigo ulioharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, muda umepita, faili imefungwa.

Nikaenda kusoma sheria kwa hasira, nikitaka nipate mahali pa kuwabana. Nikakuta wamesema kweli. Nikakuta na jambo la kuniuma zaidi: kwa ule mzigo kuchelewa siku nne, muda wa kulalamika ni siku 21. Siku ile ya 19 nilikuwa na siku mbili bado mkononi, na sikujua. Barua yangu ilitaja cherehani peke yake. Nilipokuja kujua, siku hizo mbili nazo zilikuwa zimekwisha, na risiti za Eastleigh hatukuwa nazo hata moja.

Yaani tulipigania kitu ambacho sheria haitupi, tukaacha viwili ambavyo sheria inatupa. Ndiyo maana nimesimama hapa. Sitaki wewe ufanye nilivyofanya mimi.

Sheria yenyewe iko hivi. Safari ya ndege ya kutoka nchi moja kwenda nyingine inatawaliwa na Mkataba wa Montreal, uliotiwa sahihi mwaka 1999 na kuanza kufanya kazi tarehe 4 Novemba 2003. Kenya ni mwanachama, ilijiunga mwaka 2002. Nchi za Ghuba ambako vijana wetu wanakwenda, Saudia, Falme za Kiarabu, Qatar, Oman, Kuwait na Bahrain, nazo ni wanachama. Na Katiba yetu ya 2010, ibara ya 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Kwa hiyo hii si sheria ya wazungu iliyoko mbali. Ni sheria yako.

Mimi nimeifupisha kwa M tatu ili usisahau: Mwili, Mzigo, Muda.

M ya kwanza, Mwili. Abiria akifa au akiumia mwili kwa ajali iliyotokea ndani ya ndege, au wakati wa kupanda na kushuka, kampuni inawajibika. Neno ajali hapa ni pana kuliko unavyofikiri. Mwaka 2015, kwenye ndege ya kutoka Mallorca kwenda Vienna, kikombe cha kahawa ya moto kilimmwagikia msichana mdogo kutoka kwenye meza ya baba yake, akaungua. Kampuni ikasema hiyo si ajali ya ndege, kahawa inaweza kumwagika popote. Haikujulikana hata kikombe kilianguka kwa nini. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 19 Desemba 2019 mahakama ikasema: hiyo ni ajali kwa maana ya Mkataba, si lazima itokane na hatari ya kuruka angani. Kwa hiyo ukiunguzwa na chai, ukiangukiwa na begi kutoka juu, hayo ni mambo ya kudai. Mwambie mhudumu aandike, piga picha, na ukitua nenda hospitali siku hiyo hiyo upewe karatasi.

M ya pili, Mzigo. Mzigo ulioukabidhi kampuni ukiharibika au kupotea ukiwa mikononi mwao, wanawajibika bila wewe kuthibitisha kwamba walizembea. Wanaponea pale hasara ikitokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Begi la mkononi ni tofauti, hapo mpaka uonyeshe kosa lao. Kuna kikomo: tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha mzigo kwa abiria mmoja ni SDR 1,519. SDR ni kipimo cha pesa cha Shirika la Fedha Duniani, IMF, na kwa hesabu ya shilingi kikomo hicho ni zaidi ya laki mbili na nusu. Elewa vizuri, si kwamba kila mtu anapewa laki mbili na nusu. Unalipwa hasara uliyoithibitisha, isizidi hapo. Kama umebeba kitu cha thamani kubwa zaidi, unaruhusiwa kutangaza thamani yake wakati wa kukabidhi, na huenda ukalipa ada kidogo.

Na hizi ndizo siku. Mzigo umeharibika: andika ndani ya siku 7 tangu uupokee. Mzigo umechelewa: andika ndani ya siku 21 tangu uupate. Mzigo haujafika kabisa na siku 21 zimepita tangu siku uliyopaswa kufika: sasa unahesabiwa umepotea, dai thamani yake. Kumbuka neno andika. Kupiga simu hakuhesabiki. Kulia kwenye kaunta hakuhesabiki. Posti ya Facebook, hata ikisambazwa mara elfu moja, haihesabiki.

Tena ukiupokea mzigo bila kulalamika, sheria inachukulia kwamba umeupokea ukiwa salama, mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Kwa hiyo ukipewa karatasi utie sahihi, fungua mzigo kwanza, pale pale. Ukiona umechanika, andika kwenye hiyo karatasi kwa mkono wako: mzigo umepokelewa ukiwa umechanika. Hata kwa Kiswahili. Ndipo utie sahihi.

M ya tatu, Muda. Ndege ikichelewa na wewe ukapata hasara, unaweza kudai ile hasara: chakula, pa kulala, ndege ya pili uliyoikosa, mshahara wa siku uliyopaswa kuripoti kazini. Kikomo kwa abiria mmoja sasa ni SDR 6,303. Lakini hapa kampuni ina mlango wa kutokea. Ikithibitisha kwamba ilichukua hatua zote za busara kuzuia hasara, au haikuwezekana kuzichukua, hailipi.

Mnakumbuka tarehe 11 Septemba 2024, wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta walipogoma kwa sababu ya mpango wa kuwapa Adani uwanja? Abiria walilala chini. Hapo kampuni ya ndege itasema mgomo si wa watu wangu. Lakini Novemba 2022 waliogoma walikuwa marubani wa Kenya Airways, wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Unaona tofauti? Kwa hiyo ukichelewa, swali la kwanza la kuuliza na kuandika ni: nini kimesababisha, na kampuni imefanya nini kutusaidia? Andika na saa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililowaudhi watu kwenye kikao. Kuna M ya nne. Moyo. Chakula kibaya, kiti kilichovunjika, skrini haifanyi kazi, kunyimwa blanketi, kujibiwa kama mbwa. Hayo Mkataba hauyalipi.

Mama mmoja alisimama akasema, "Basi hiyo sheria ni bure!" Mama, nakuelewa. Lakini nikakuta si sisi peke yetu tuliogonga ukuta huu. Nitakupa kesi mbili.

Ya kwanza ni ya Kanada. Kule sheria inailazimisha Air Canada kuwahudumia watu kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2009 Michel Thibodeau na mkewe Lynda walisafiri na baadhi ya ndege hazikuwa na mhudumu wa Kifaransa. Wakashtaki. Mahakama ya kwanza ikawapa dola 12,000 za fidia. Kampuni ikakata rufaa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Kanada, na tarehe 28 Oktoba 2014 majaji watano kwa wawili wakasema: kweli haki yao ya lugha ilivunjwa, lakini kilichotokea ndani ya ndege ya kimataifa kinalipwa kwa Mkataba wa Montreal tu, na Mkataba hauna fidia ya jambo hilo. Nilipoisoma hiyo nilimfikiria dada yangu akitafuta neno la Kiingereza la blanketi.

Ya pili ni ya Uingereza, nayo inauma. Christopher Stott alikuwa amepooza, anatumia kiti cha magurudumu. Alipiga simu mara mbili kuhakikisha atakaa karibu na mkewe, kwa sababu mkewe ndiye anayemsaidia kwa chakula na haja. Akaahidiwa. Wakati wa kurudi kutoka Ugiriki mwaka 2008, akakalishwa mbali naye. Wakati wa kuingia ndegeni kiti chake kikapinduka. Mkewe akalazimika kuinama na kupiga magoti njiani katikati ya viti ili amhudumie. Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2014 ilikubali kwamba alitendewa vibaya kinyume cha kanuni za kulinda walemavu. Ikasema vile vile kwamba haiwezi kumpa fidia ya kuumizwa hisia, kwa sababu Mkataba umefunga mlango.

Kwa nini dunia ilikubali sheria ya namna hii? Ni biashara ya nipe nikupe, iliyoanza na Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929. Abiria akapewa haki ya kulipwa mwili na mzigo bila kusumbuka kuthibitisha uzembe. Kampuni zikapewa kikomo, na kuhakikishiwa kwamba hazitashtakiwa kwa kila jambo. Kwenye hiyo biashara moyo wa abiria uliachwa nje. Mimi naona si haki, na siku moja lazima ibadilishwe. Lakini wewe unasafiri mwezi ujao. Unahitaji kujua ukuta uko wapi ili usiugonge kwa kichwa kama mimi.

Je, moyo hauna njia kabisa? Inayo, ila ni njia nyingine.

Kwanza, tofautisha fidia ya uchungu na pesa ya kitu ulicholipia ukanyimwa. Ulilipia kiti cha nafasi kubwa ukapewa cha kawaida, ulilipia kilo za ziada zikakataliwa, ulilipia chakula maalum hakikuletwa: dai urudishiwe pesa ya kile kitu. Hapo hudai machozi, unadai bidhaa. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili na haki ya kupewa habari anazohitaji, na tuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012.

Pili, safari za ndani ya nchi, kama Kisumu hadi Nairobi, si safari za kimataifa. Huko ibara ya 46 na sheria zetu za mikataba zina nafasi kubwa zaidi.

Tatu, angalia sheria za nchi unayokwenda. Saudia ina kanuni za kulinda haki za abiria, za mamlaka yao ya anga inayoitwa GACA, zilizoanza kutumika tarehe 20 Novemba 2023. Zinagusa kuchelewa, kufutwa kwa safari, kushushwa daraja na mizigo. Wazazi wa Umra na dada zetu wanaofanya kazi Riyadh na Jeddah, hii inawahusu. Ulaya nako kuna kanuni ya mwaka 2004: ukiondoka kwenye uwanja wa Umoja wa Ulaya, kwa kampuni yoyote, au ukienda huko kwa kampuni ya Ulaya, safari ndefu ikifutwa au ikichelewa sana kwa kosa la kampuni, unaweza kudai hadi euro 600.

Nne, lalamika kwa wanaozisimamia kampuni. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ndiyo inayotoa leseni. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya nayo inapokea malalamiko ya walaji waliodanganywa au kukandamizwa. Huko huendi kutafuta pesa, unakwenda kuweka rekodi. Na hapa ndipo umoja wetu unafanya kazi. Mtu mmoja akisema watu wa viti vya nyuma wanadharauliwa, ataambiwa ni hasira zake. Watu arobaini wa Migori na Homa Bay wakileta nambari ya ndege, tarehe, nambari ya kiti na kilichotokea, hiyo haiwezi kuitwa hasira ya mtu mmoja.

Kijana mmoja Kendu Bay aliuliza: "Nikidai na wakikataa, si itabidi niende kushtaki huko Doha?" Hapana. Mkataba unakuruhusu kushtaki mahali safari yako inapoishia. Umekata tiketi ya kurudi Nairobi, Kenya ni mahali pako. Umeondoka Nairobi kwa tiketi ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari yako ni Nairobi vile vile. Muda wa kushtaki ni miaka 2, baada ya hapo haki inakufa. Na tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Muulize karani wa mahakama iliyo karibu nawe, akuelekeze pa kuipata.

Akauliza tena: "Na kama tiketi alilipa wakala au tajiri?" Mzigo ni wako na mwili ni wako. Haki ya abiria ni ya abiria. Na hata karatasi ya kampuni ikiandika "hatuwajibiki kwa mizigo", Mkataba unasema sharti la kuondoa wajibu wao au kuushusha chini ya kiwango ni batili. Usitishwe na herufi ndogo.

Basi fanya haya. Hayahitaji diploma.

Kabla ya safari, piga picha tiketi yote, si jina tu. Piga picha vitu unapovipanga na begi likiwa limefungwa. Weka risiti ya kila kitu cha bei. Dawa, pesa, pasipoti na simu usiziweke kwenye mzigo wa kukabidhi.

Uwanjani, ukikabidhi mzigo utapewa kijikaratasi chenye nambari. Wengi wanakitupa pamoja na boding pasi wakishatua. Usitupe. Hivyo viwili ndivyo ushahidi wako kwamba mzigo ulikuwa mikononi mwao.

Ukitua na mzigo haupo, au umeharibika, usitoke ndani ya ukumbi wa mizigo kabla hujajaza fomu ya mzigo. Inaitwa PIR. Piga picha nakala yake. Uliza: mtanilipia nini nikisubiri? Na kila shilingi utakayotumia, omba risiti, hata ya nguo ya ndani.

Ukifika nyumbani, siku hiyo hiyo, kabla hujasalimia mtaa mzima, andika barua pepe kwa kampuni. Mistari mitano inatosha: jina, nambari ya ndege na tarehe, nambari ya mzigo, kilichoharibika au siku zilizochelewa, na kiasi unachodai. Ambatisha picha. Malalamiko ya chakula na matusi yaandike pia, lakini kwenye barua ya pili. Usiyachanganye, maana watakujibu la chakula waliache la mzigo. Mimi walinifanyia hivyo, na mimi ndiye niliyewapa nafasi.

Dada yangu yuko Awendo. Duka alilifungua, lakini anashona kwa cherehani ya miguu ya kukodi, analipa kila mwisho wa mwezi. Ile ya umeme fundi ameiangalia mara mbili, anasema mota haipatikani hapa. Nilimuomba ruhusa kabla ya kusimulia haya. Akaniambia, "Waambie. Lakini waambie na siku ngapi."

Ni siku 7 kwa mzigo ulioharibika. Siku 21 kwa uliochelewa. Miaka 2 kwa kesi. Ziandike nyuma ya pasipoti ya mtu wako, kwenye kikaratasi cha kubandika, kabla hajapanda basi la usiku.

Na wewe uliyerudi juzi, mzigo bado una kamba za uwanja wa ndege, fungua leo uangalie. Kama kuna kilichovunjika na siku 7 hazijaisha, tutumie ujumbe hapa, tuandike barua hiyo pamoja usiku huu.